Tulivyowafunga Bunda Kwao

Mpira wa kikapu mimi sikuwahi kuucheza. Niliujulia ukubwani, kwa sababu karakana yangu ya madirisha ya alumini pale Mwisenge imepakana na uwanja wa saruji ambako timu ya wanawake ya Musoma inafanyia mazoezi jioni. Mwanzoni nilikuwa nalalamika kwamba mipira yao inagonga mabati yangu. Baadaye nikawa nafunga kazi mapema, nakaa ukutani naangalia. Mwisho wake nikamwoa pointi gadi wao, yule anayeupeleka mpira mbele na kuwapanga wenzake, binti wa Butiama aliyejifunza mchezo huo shuleni kwao, kwenye ringi isiyokuwa na wavu.

Wapinzani wetu ni Bunda. Kwetu Musoma tumewahi kuwafunga, lakini kwao Bunda, tangu nianze kuifuata hii timu, tulikuwa hatujawahi kutoka na ushindi. Uwanja wao uko kwenye eneo la shule, hauna jukwaa. Watu wanasimama kwenye mstari kabisa, na mchezaji akienda kurusha mpira kutoka pembeni anasikia pumzi ya shabiki shingoni. Wanapiga madebe. Nyuma ya kila ringi wanasimama akina mama na vijana wakipunga kanga mgeni anapotaka kutupa. Kila mwaka tulirudi kimya, na kila mwaka nilijiambia sitakwenda tena.

Mwaka ninaousimulia hapa mke wangu alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Mama yangu alikuwa ametoka kijijini Suguti kuja kukaa nasi Nyakato, hapa Musoma, amsaidie mkwe wake kulea. Mama ni mkulima, mtu wa kanisani, mwenye maneno machache. Mke wangu alipoanza tena mazoezi, mama alimwangalia siku kadhaa akitoka na kurudi. Kisha asubuhi moja, akiwa anachekecha unga wa muhogo uani, akamwambia mke wangu bila kuinua kichwa:

"Mama, mwanamke anayenyonyesha anakimbizana na nini?"

Mke wangu aliweka chini ndoo aliyokuwa ameishika. "Mama, wenzangu wameniomba. Pointi gadi mwingine ameumia goti. Naomba hii moja tu ya Bunda, halafu tukae tuongee."

"Tutaongea," mama akasema. "Na mimi nakwenda huko. Siwezi kumwacha mtoto akae juani na baba yake. Huyu akionaga mpira anasahau hata kula."

Tulikwenda na basi dogo la kukodi, kosta, wachezaji mbele, mashabiki wachache nyuma. Pale njia panda ya Butiama tuliwachukua wasichana wawili waliokuwa wanatungoja na mabegi yao. Hakuna aliyeimba. Mke wangu alimnyonyesha mtoto karibu njia nzima. Mama alikaa kiti cha pembeni, mkoba mapajani, anaangalia mashamba ya pamba yanavyopita. 

Walitupokea kwa madebe kabla hata hatujashuka.

Robo ya kwanza tulicheza vizuri. Ya pili wakaanza kutukaba uwanja mzima, na ni mke wangu aliyekuwa anabeba mpira, kwa hiyo yeye ndiye waliyemvamia. Wawili, wakati mwingine watatu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi letu, mama pembeni yangu na mtoto mgongoni, kafungwa kwa kanga. Nilikuwa namjua mke wangu anavyodunda mpira akiwa mzima. Siku hiyo niliona miguu imechelewa kidogo nyuma ya akili. Alikuwa anaiona nafasi, lakini akifika imeshafungwa. Tukaenda mapumziko tukiwa nyuma.

Wakati wa mapumziko alikuja akanyonyesha, amejifunika kanga ya mama, jasho linamdondokea mtoto usoni. Nilitaka kumwambia atumie zaidi upande wa kushoto. Mama alinitazama, nikageukia ubao wa pointi.

Balaa lilianza robo ya tatu. Mtoto aliamka, akalia kilio kile cha kukaza mwili. Mke wangu alikuwa anarudi kukaba, nikaona ameshituka. Mwanamke aliyewahi kunyonyesha anajua: mwili haungoji ruhusa. Maziwa yalimtoka, jezi ikalowa kifuani pande zote mbili, madoa mawili meusi kwenye kitambaa cha bluu. Kijana mmoja wa Bunda aliyekuwa nyuma ya ringi ndiye aliyeona kwanza.

"Kanyonyeshe!" akapiga kelele.

Wengine wakadakia. Ndani ya muda mfupi upande mzima ulikuwa unaimba, madebe yanafuatisha: "Ka-nyo-nye-she! Ka-nyo-nye-she!" Hata watu wazima walikuwa wanacheka. Mke wangu alivuta jezi mbele, akaendelea kucheza. Pasi yake iliyofuata ikatoka nje. Iliyofuata ikadakwa, wakafunga.

Nilipogeuka, mama hakuwepo.

Nilidhani amesogea kivulini, nikarudisha macho uwanjani. Robo ya nne ilipoanza tulikuwa nyuma kwa pointi tisa.  Mke wangu alikuwa na mpira, anadunda taratibu kuelekea mbele, lakini macho yake hayakuwa kwa wenzake. Yalikuja kwangu, yakaenda pembeni yangu pale mama alipokuwa amesimama, yakarudi kwangu. Nikainua mikono kumwonyesha kwamba hakuna shida, lakini nadhani alielewa kinyume. Akasimama kabisa, kama mtu aliyeitwa. Msichana wa Bunda akampokonya mpira mkononi, akaenda kufunga peke yake. Kumi na moja.

Kocha wetu akaomba taimauti, mchezo ukasimama. Mimi nikapenya katikati ya watu nikatoka nje.

Mama nilimkuta nyuma ya madarasa, amekaa kwenye ngazi za varanda, mtoto amelala mgongoni. Uso alikuwa ameukaza.

"Mama, rudi uwanjani."

"Nirudi nifanye nini?"

"Mkweo hakuoni. Anakutafuta kwa macho. Anafikiri mtoto amepata matatizo."

"Mtoto amelala. Nimuamshe kwa sababu ya mpira?" Alizungumza chini chini, ila kwa ukali. "Wewe umeisikia ile nyimbo yao? Watu wazima na meno yao wanacheka maziwa. Na wewe umesimama pale unaangalia ubao wa pointi. Hukuona aibu?"

 Kweli nilikuwa naangalia ubao.

"Mama," nikasema, "yeye bado yuko mle ndani. Hajatoka. Wanamwimbia na bado anacheza. Akituona tumekimbia atafikiri na sisi tumemuonea aibu."

 Mama akaanza kuniambia kwa Kijita, lugha yetu, habari ya wanawake wa kwetu na heshima yao, na jinsi mashemeji zake kule Suguti watakavyolisikia jambo hili, maana Bunda si mbali na watu wanatembea. Nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. Sikio jingine lilikuwa kwenye madebe. Yalikuwa yanapiga bila kupumzika, halafu yakakatika.

Mama akainua kichwa. "Mbona kimya?"

"Nadhani tumefunga."

Madebe yakarudi. Yakaenda kidogo, yakakatika tena, na safari hii tukasikia sauti ndogo za wanawake wachache zikishangilia mbali, kama kuku waliotawanyika. Ni wetu.

"Tena?"

"Tena, mama."

Kelele zikapanda juu sana, nikajua wao wamefunga. Halafu kimya. Halafu kimya kingine, kirefu, mpaka nikasikia filimbi ya mwamuzi na raba zinazokwaruza saruji. Kulisikiliza pambano la namna hiyo ukiwa nyuma ya ukuta wa darasa ni mateso ambayo siwezi kuyaeleza. Miguu yangu ilikuwa inataka kukimbia. Lakini niliogopa kwamba nikimwacha mama pale, nitakuwa nimemwacha kweli.

"Ni yeye anafunga?" mama akauliza.

"Sijui. Sioni."

Alijishika kiunoni, akasimama. Akakaza fundo la kanga kifuani, akamsogeza mtoto vizuri mgongoni, akatangulia. Sikumwambia pa kwenda. Nilidhani atarudi nyuma ya benchi letu, lakini njia ya kutokea madarasani ilituleta upande wa ringi ya Bunda, katikati ya wale wapunga kanga, na mama hakuzunguka. Alipita mbele yao mpaka mstari.

Ubao ulisema tuko nyuma kwa pointi moja. Sekunde zilizobaki zilikuwa chache, na mke wangu alikuwa amesimama kwenye mstari wa mitupo huru, mpira mkononi. Alikuwa amechezewa faulo akiingia chini ya ringi. Goti linatoka damu. Mitupo miwili.

Ule wimbo ulikuwa umeanza upya. Kanga zinapungwa, madebe yanalia, mwamuzi anawasukuma watu warudi nyuma ya mstari.

"Bibi, sogea hapo, unatuziba," mwanamke mmoja wa Bunda akamwambia mama.

"Namwangalia mkwe wangu," mama akasema.

"Yupi?"

"Huyo mnayemwimbia."

Yule mwanamke alimtazama mama, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni, kichwa kimelalia upande. Akashusha kanga yake. Akamgusa aliyekuwa jirani yake. Sisemi kwamba uwanja mzima ulinyamaza, haukunyamaza. Upande wa pili waliendelea kupiga madebe kwa nguvu zote. Lakini pale nyuma ya ringi, mahali ambapo macho ya mtupaji yanakwenda, kanga zilishuka moja moja kumzunguka mama, na katikati yake akabaki amesimama mwanamke mzee mwenye mtoto.

Mke wangu aliinua kichwa, akamwona. Mama hakutabasamu wala kupunga mkono. Aligeuka tu kidogo, ubavu, ili mtoto aonekane vizuri.

Mtupo wa kwanza uliingia bila kugusa chuma. Tukawa sawa.

Wa pili uligonga mdomo wa ringi, ukaruka juu, ukagonga tena, nikafumba macho. Nilipoyafumbua mpira ulikuwa unadunda chini na wenzetu walikuwa wanakimbia kurudi kukaba. Nililazimika kumuuliza mama.

"Umeingia?"

"Umeingia. Angalia mbele."

Bunda walirusha mpira ndani haraka. Mfungaji wao, msichana mrefu ambaye alikuwa ametuumiza mchana kutwa, akaupokea katikati, akapiga hatua, mke wangu akamsimamia kifuani pake bila kumgusa, mikono juu. Msichana akaruka akatupa. Filimbi ya mezani, ya kumaliza mchezo, ikalia mpira ukiwa hewani. Ukagonga ubao, ukazunguka ringi nusu duara, ukatoka nje.

Sasa ndipo nilipoogopa kweli. Watu waliingia uwanjani. Walikuwa wanadai mke wangu alimgusa mfungaji wao, wanamzonga mwamuzi, na wachezaji wetu wamebanana kwenye benchi wakishikana mikono. Jiwe moja likadondoka karibu na ndoo yetu ya maji. Nilimshika mama mkono, tukapita pembeni ya ukuta. Aliyetusaidia kufika kwenye benchi letu ni kocha wa Bunda mwenyewe. Alisimama katikati, akawaambia watu wake kwa sauti, "Tumefungwa! Mwacheni refa. Tumefungwa." Kisha akaenda kumpa mkono kocha wetu. Watu wakaguna, wakaanza kutawanyika mmoja mmoja kuelekea barabara kuu.

Mke wangu alimchukua mtoto kutoka mgongoni kwa mama kabla ya kunywa hata maji. Alilia kidogo, uso ameufukia kwenye shingo ya mtoto. Mama alifungua kanga aliyombebea mtoto, akamfunika nayo mke wangu mabega na ile jezi yote.

"Umeumia goti," akamwambia.

"Ndiyo, mama."

"Tutaliosha nyumbani kwa maji ya chumvi."

Njiani wasichana waliimba mpaka sauti zikakauka. Mama aliwaambia mara moja wapunguze kwa sababu ya mtoto, wakapunguza, wakaendelea kuimba taratibu mpaka njia panda ya Butiama.

Yale mazungumzo yalifanyika Jumapili baada ya kanisa. Mama hakubadilika kama nilivyotumaini. Alisema bado anaamini mwanamke mwenye mtoto mchanga apumzike, na kwamba angekuwa yeye asingecheza. Mke wangu alisema ameelewa, lakini timu bado haina pointi gadi na zimebaki mechi za mwezi mzima.  Mama alikuwa amepanga kurudi Suguti wiki hiyo kupalilia. Badala yake alinituma nimpigie simu baba, nimwambie atafute vibarua wa kupalilia, yeye atachelewa mwezi mzima. 

Huku Mwisenge mashabiki bado wanaielezea ile robo ya nne. Wanaelezea namna tulivyotoka pointi kumi na moja nyuma: nani aliiba mpira, nani alifunga pointi tatu kutoka kona akiwa anaanguka, jinsi yule mchezaji wetu mfupi alivyodaka ribaundi, mpira uliogonga ringi ukarudi, katikati ya majitu mawili. Wananigeukia niongezee, maana wanajua nilikuwepo. Inabidi niwaambie kwamba hiyo sehemu sikuiona. Nimewahi kumwomba mke wangu anisimulie dakika kwa dakika. Alifikiri sana, kisha akasema yeye mwenyewe hakumbuki vizuri. Anachokumbuka ni kwamba jua lilikuwa machoni, na kwamba alikuwa anahesabu watu wote waliosimama pembeni ya uwanja, anatafuta.