Madirisha ya Gunnvor

Mke wangu Gunnvor ndiye msimamizi wa ujenzi wa kijiji chetu, na kuishi na msimamizi wa ujenzi si mchezo. Hata ukifungua mlango kumtoa paka unaulizwa joto unampelekea nani. Hapa mlimani amesimamisha nyumba saba, zote za mbao za msitu wetu, kuta zimeshindiliwa sufu ya mbao ya kuzuia baridi, na zote zinapashwa joto na boila moja la kuni. Ya nane ingekuwa ya mdogo wake Jorunn, aliyekuwa akikaa na mtoto mchanga kwenye karavani, kijumba cha magurudumu. Ushirika wa kijiji, wenye boila, ulisema wazi: boila likishindwa na saba, ya nane tuisahau.

Januari likashindwa. Kuni za kutufikisha masika zilikuwa zinateketea kama karatasi, na nyumba hazipati joto. Gunnvor akamvaa fundi wetu Rolf kwamba kuta zake zinavuja. Rolf akabomoa ukuta mmoja, kwenye baridi ya kugandisha ndevu, tukakuta sufu imekaa sawasawa. Akalazimishwa kubomoa wa pili. Sawasawa vilevile. Akakusanya vifaa vyake akaenda kwake, na simlaumu.

Kesho yake Gunnvor alizunguka kijiji watu hawajaamka, akarudi amefura.

"Eilif, watu wanalala madirisha wazi. Nyumba zote sita."

"Sita? Si ziko saba?"

Akainama kuvua buti.

"Na letu je, mke wangu?" nikamuuliza.

"Letu tunafungua kidogo tu."

Kidogo! Maji yangu kando ya kitanda yalikuwa yameshika barafu. Sisi wote hapa tumelelewa hivyo, yeye akiwa wa kwanza. Chumba kisichopitisha upepo tunakiona kama kabati. Nilichoka naye kabisa. Usiku ule nikalifunga dirisha makusudi. Aligaagaa, akapiga mateke blanketi, mwishowe akainuka mwenyewe akalifungua, bila kunitazama.

Asubuhi nikamkuta anachora. Kwenye mchoro, nyumba ya nane ilikuwa na chumba cha kulala nje ya ukuta wa joto, hakina bomba la boila, na mlango mzito katikati, ili mtu alale dirisha wazi bila kupoteza joto la nyumba. Hizo nyingine saba tukazitia milango ya namna hiyo kwa msaragambo, tukafunga na mabomba ya vyumbani, boila likapumua, ushirika ukakubali. Rolf alirudi baada ya kuombwa radhi mara mbili.

Jorunn alihamia Oktoba. Tulikaa kwake tukinywa kahawa, mtoto anatambaa sakafuni, na mimi nikafurahi kweli, maana ile karavani ilikuwa imeninyima raha. Gunnvor akaenda jikoni kuleta keki.

"Shemeji," Jorunn akaninong'oneza, "nyumba tamu sana. Ila chumbani kuna baridi. Hamna kihita kidogo mniazime?"

Gunnvor alikuwa amesimama nyuma yake na sahani. Akaiweka mezani taratibu, akavaa koti, akatoka nje. Mlango akauacha wazi.