Jina la Muheshimiwa Katika Wimbo wa Wafu Wetu

Shule niliiacha mapema, lakini Mungu alinipa kichwa kisichosahau majina. Ndiyo maana katika kikundi cha ngoma cha wamama wa mutaa wa Ndosho, mwenye kuita ni mimi. Tuna wimbo wa wafu wa mutaa wetu. Ninaita jina, wamama wanajibu: "Apumuzike!" Ninaita lingine.

Wakati wa kampanye ya kura, papa mumoja, muzee wa chama, alituletea vitenge vyenye sura ya mukandideti wake, yule aliyetaka tumuchague.

"Wamama, wimbo uleule, ngoma ileile. Yale majina tu muyatoe, muweke la Muheshimiwa. Yeye ni mutoto wa maskini kama ninyi. Na mujibu 'Oyee!'"

Tukakubali. Kitenge ni kitenge. Tukajifunza hiyo "Oyee" siku mbili.

Siku ya pili jirani yangu alinikuta ninatwanga sombe, majani ya muhogo. Binti yake ndiye wa mwisho katika wimbo. Alipotea wakati wa kukimbia vita, na kaburi lake hatulijui. Jirani hakulia. Aliuliza tu: "Dada, na mutoto wangu unamutoa?"

Nikaendelea kutwanga, mutwangio ukipiga pembeni ya kinu.

Kesho yake, siku ya mitingi ya kampanye, uwanja ulijaa. Muheshimiwa alicheza nasi mpaka shati likalowa, watu wakashangilia. Ikafika zamu yangu. Nikaita jina lake kwa sauti yote.

Wamama, kwa mazoea ya miaka, wakajibu: "Apumuzike!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Papa wa vitenge akanijia mbio, uso ameukunja. Lakini Muheshimiwa alijua jukwaa kuliko sisi. Akakamata mikro, akasema:

"Mama, mimi niko muzima! Munanizika mbele ya kura?"

Watu wakazidi kucheka, naye akanogewa. "Haya basi, ita wafu wenyewe!"

Hakujua ni wengi. Niliwaita wote, sikuruka hata mumoja. Uwanja muzima ukajibu, hata polisi waliomulinda. Muheshimiwa akavua kofia, akasimama palepale mpaka mwisho. Nilipomufikia yule binti, sauti ya mama yake ilipita zote.

Ninamushukuru Muheshimiwa kwa kuvua kofia. Ninawashukuru zaidi wamama wenzangu, ambao midomo yao ilikataa "Oyee".

Kesho yake asubuhi jirani alikuja na mutwangio wake. "Sombe ya juzi uliitwanga vibaya," akasema. "Sogea."