Moto wa Miguuni Tu

Siku ambayo kuku wa mama mkwe wangu alikufa ndani ya lori, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi hucheka nikiwa peke yangu, kisha nanyamaza. Nasikia uko mbioni kuchagua mwenzi, na kila shangazi ana jina lake mdomoni. Mimi sina jina la kukupa. Nilichojifunza kuhusu kuchagua nilifunzwa na hita ya lori, na ndicho nitakachokupa.

Lori lenyewe tuliliita Sajini. Lilikuwa la jeshi, likazeeka kazini, likauzwa mnadani, na mume wangu Mutua akaja nalo Migwani akipiga honi tangu kule mtoni hadi mbuzi wa watu wakakata kamba. Rangi ya kijani ilikuwa bado mlangoni. Pale mbele anapokaa dereva, paa lilikuwa la turubai, na madirisha hayakuwa na vioo, ila vipande vya turubai vya kufunga kwa vifungo. Hapa kwetu hilo halikuwa shida. Joto la Mwingi unalijua, na upepo ukiingia unasema asante. Lakini biashara yetu ilikuwa ya kupeleka mbaazi na ndengu Kinangop, kule milimani, na kurudi na viazi na kabeji. Na baridi ya Kinangop mwezi wa saba, mwanangu, haibishi hodi.

Safari hizo nilienda naye. Watu walisema mengi, maana siku zile mke wa mtu alionekana shambani na kanisani, si juu ya lori. Sisi tuliwajibu kwamba mimi ni msichana wa Tawa, nimekulia sokoni, na kiazi kibovu nakijua hata kikiwa katikati ya gunia. Hilo lilikuwa kweli. Mutua angeuziwa mawe akashukuru. Lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Nyumbani tuliishi na wazazi wake na wadogo zake, na mke mgeni ana macho mengi yanayomtazama. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ndani ya Sajini ndiko tulikoongea. Ndiko tulikopanga nyumba yetu, tukagombana, tukapatana, tukachagua hata majina ya watoto ambao walikuwa hawajazaliwa. Nikishuka kwenye lile lori nilikuwa mke wa boma, na nikipanda nilikuwa Mwikali.

Kisha kifua changu kikashikwa. Nilirudi kutoka Kinangop nikikohoa, nikalazwa hospitali ya misheni na nimonia, na nilipotoka daktari alimwambia Mutua nisipigwe tena na baridi ile. Ndipo tukajua: ama Sajini apate hita ya kupasha joto mle ndani, au mimi nibaki nyumbani. Mwenye kifua ni mimi, lakini aliyekosa usingizi ni Mutua.

Ushauri haukukosekana. Jirani mmoja alisema tuweke jiko la makaa miguuni, mambo yaishe. Mutua akamjibu, "Jiko kwa lori? Tukiingia shimo moja tu, sisi ndio nyama choma." Akaenda Nairobi, kwa wauza vyuma vikuukuu, akaona hita mbili zilizofaa lori kama letu.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, haizidi mkate. Hiyo hupitisha maji ya moto yanayotoka kwenye injini, na feni inapuliza joto lake chini. Moto wake ni wa miguuni tu, na injini ikizimwa nayo inapoa. Ya pili ilikuwa kubwa kama debe. Hiyo huchoma petroli yake yenyewe, haingoji injini, na ukiiwasha inakuwa kama umefungua tanuri. Nawe Mutua ungemjua! Alipenda vitu vikubwa. Sauti kubwa, sahani kubwa, lori kubwa, hita kubwa. Muuzaji alimwambia bomba lake la moshi lilikatika zamani, lakini lisimsumbue, mashine ya jeshi haina moshi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiyo ilitembezwa vizuri sana. Mutua akaja nayo akaifunga mwenyewe chini ya kiti.

Asubuhi ya safari kulikuwa na ukungu. Tulikuwa tupitie Tawa kwanza kupakia mbaazi, na mama mkwe wangu alinipa kuku wa kumpelekea mama yangu, mtetea mweupe aliyenona. Nilimweka ndani ya kiondo, kichwa kikiwa nje, nikamsukuma chini ya kiti asisumbue. Mutua akawasha ile hita na kufunga milango na vifungo vyote vya turubai, ili nikipanda nikute joto. Usisahau hilo, mwanangu. Alifanya hivyo kwa kunipenda.

Kisha tukasimama kwa maombi. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, na hakuna gari lililotoka bomani kwake bila maombi. Siku hiyo aliombea barabara, akaombea madaraja, akaombea magurudumu, akaombea wakulima wa Kinangop ambao hakuwa amewaona, akarudi kuombea mvua. Mimi miguu iliniganda. Mungu anisamehe, moyoni nilikuwa nasema, huyu mzee atamaliza lini nikaote moto? Aliposema amina, nilikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

Mutua aliufungua kwa madaha, ili watu wahisi joto. Joto lilitoka kweli, na harufu ya kukwaruza koo. Nikavuta kiondo nimtazame kuku wangu. Shingo yake ililegea mkononi mwangu. Alikuwa amekufa, mwili ukiwa bado na joto.

Mama mkwe alishika mdomo. Mutua ndiye aliyeanza kusema, na alianza vibaya: "Huo ni ugonjwa wa kuku, kideri. Kideri kimeingia hapa Migwani, kila mtu anajua."

Sasa hapa lazima nikueleze jambo. Kwa Wakamba, baba mkwe na mke wa mwanawe wana nthoni, heshima ile ya kuoneana haya. Hawakai bega kwa bega, hawataniani, na akitaka kukuonya hakuonyi uso kwa uso. Tangu niolewe, mzee yule alinisalimu tu, akitazama kando. Kwa hiyo siku ile alipotaka kunionya, alimchukua kuku mkononi mwangu akaongea na kuku.

"Wewe kuku," akasema, "mwewe hakukupata, kicheche hakukupata. Leo umeuawa na moto uliowashwa kwa upendo. Hata wewe ulifurahi ulipohisi joto. Mbona hukuuliza moshi wake unatokea wapi?"

"Nau, ni kideri," Mutua akamwambia baba yake.

"Kideri kilingoja mpaka tuanze kuomba?" mzee akamuuliza, akiwa bado anamtazama kuku. "Moto wa thome, pale tunapoota wanaume, uko nje, moshi una dunia nzima. Moto wa jikoni una paa lenye nyasi, moshi unapenya. Huu wenu, mmefunga milango na vifungo, moshi unaenda wapi? Unaingia kwa anayeota."

Nikaketi palepale juu ya jiwe. Nilijiona mle ndani, nimefungiwa, nimesinzia kwa raha nikielekea Tawa, na Mutua naye amesinzia mikono ikiwa kwenye usukani.

Nadhani Mutua pia aliona nilichokiona, maana alipandisha sauti, na mtu akiogopa sana hupandisha sauti. "Sasa mnataka nifanye nini? Ile ndogo ni ya miguu tu! Kifua chake kitashikwa tena, nizike mtu? Basi abaki. Nitatafuta mwingine wa kwenda naye. Mwikali abaki nyumbani, kwisha."

Alilisema mbele ya watu wote, na mwanaume akisema mbele ya watu, kulirudisha ni kazi. Nilijua maisha yangu yamekatwa pale. Ningebaki bomani, yeye barabarani, na yale mazungumzo yetu yangekufa kama yule kuku, taratibu, bila mtu kupiga kelele. Nikainamisha kichwa. Ndivyo tulivyofunzwa.

Ndipo baba mkwe wangu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wala hakulifanya tena mpaka anakufa. Alinigeukia, akanitazama usoni.

"Mwana wa Tawa," akasema, "safari ni ya wawili. Wewe unasema aje?"

Sauti ilinitetemeka, lakini ilitoka. "Baba, mimi nachukua ile ya miguu. Kifua nitafunika na blanketi na sweta mbili. Lakini nyumbani sibaki."

"Umesikia," mzee akamwambia mwanawe, na akaenda kumfukia kuku nyuma ya zizi, maana hakuna aliyethubutu kumpika.

Mutua aliirudisha ile kubwa, akaleta ndogo, na akaifunga akiwa amenuna. Safari ya kwanza alinuna mpaka Thika. Ilikuwa kweli, moto ulikuwa wa miguuni tu. Tulipoanza kupanda Kinangop, vidole vya miguu vilikuwa sikukuu na masikio yalikuwa matanga. Nikatoa blanketi. Lilikuwa moja, na yeye alikuwa anatetemeka, ijapokuwa hakukubali. Nikasogea, nikamfunika bega moja, likabaki la upande wa mlango likipigwa na upepo. Akasema, "Mwikali, hii hita ni ya bure kabisa." Nikamwambia, "Ndiyo, ni ya bure. Sogea hapa." Tukacheka mpaka akakosa gia. Waliosema kinga na kinga ndipo moto uwakapo hawakuwa wamepanda Sajini, lakini walijua.

Nami kifua changu hakikushikwa tena. Na huku kwetu, tukirudi na mzigo saa za jua kali, Sajini alipopanda mlima injini ikaanza kuchemka, Mutua alifungua ileile hita ivute moto utoke kwenye injini. Jua la Ukambani nje na hita ndani! Tulifika Migwani tumelowa jasho kama watu waliobatizwa. Nilimwita mwendawazimu, naye akanijibu kwamba mwendawazimu ni aliyekataa kubaki nyumbani.

Tuliendesha hivyo miaka mingi, watoto wakazaliwa, wakapewa majina yale ya ndani ya lori. Sajini akafa kwanza, akauzwa kwa uzito wa chuma. Mutua naye akanitangulia kwa ugonjwa wa sukari. Siku hizi mwanangu mkubwa ana gari ambalo ukibonyeza kitufe, joto linakuja mpaka kwenye kiti, kila mtu na lake. Namshukuru. Lakini nikikaa mle mgongo una joto na bega langu la kulia lina baridi, kwa sababu ndiko alikokaa. Nikwambie waziwazi, uzee haunionei haya: namtamani. Ningetoa majoto yote haya nipande tena mlima ule wa Kinangop, pua imeganda, nikimsikia akiilaani ile hita.

Basi mwanangu, mwenzi usimpime kwa joto la siku ya kwanza. Kila moto ni mtamu ukiwa na baridi. Uliza moshi wake unatokea wapi. Akikasirika, hasira yake inamwingia nani? Akikosea, analibeba kosa lake, au analisukuma chini ya kiti ulichokalia wewe? Na usidanganyike kwamba anayekupenda hawezi kukudhuru. Mutua alinipenda, na nusura aniue kwa wema. Hata huyo anayekupenda, muulize habari za moshi wake. Ukipata aliye na moto mdogo lakini safi, usimdharau. Unaopungua mtaujaza wenyewe kwa kusogeleana. Na siku watu wanaamua habari zako ukiwa umesimama hapohapo, usingoje kuulizwa kama nilivyongoja mimi. Si kila mtu ana baba mkwe kama wangu. Sema unachotaka, hata sauti ikitetemeka.

Tena usiwachukie wazee wenye maombi marefu.

Inama nikuwekee mkono. Mungu akupe safari ndefu, na mtu wa kukaa upande wako. Akupe bega ambalo ukiliegemea unaweza kusinzia bila hofu, na mkifika, muamke wote wawili. Amina.