Ziwa Lililobaki

Odeta alizaliwa na wivu wake mkononi. Watoto wengine hunyonya titi moja na kuchezea vidole vyao vya miguu. Huyu alinyonya hili huku amelikaba lile, macho yakizunguka chumba kizima, asije mtu akalichukua. Mimi bibi yake nilikuwepo, sikusimuliwa. Siku moja mbu alitua kifuani kwa mama yake. Mtoto akaacha kunyonya, akamkazia macho yule mbu, na mbu akaondoka kinyumenyume kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Anayebisha akamuulize mbu.

Akakua hivyohivyo, akaolewa na Luhaga, mvuvi wa dagaa, kijana mpole mwenye mabega kama mlango wa ghala. Kwetu mume wa mjukuu ni mume wa bibi. Kwa hiyo Luhaga ni mume wangu, na Odeta ni mke mwenzangu mdogo niliyemwonea huruma nikamgawia. Hilo analijua na halimfurahishi. Nikisema, "Mume wangu, njoo unikune mgongo," Odeta husonya huku anacheka, na siku hiyo ugali wangu huja na mchuzi usio na samaki.

Lakini mke mwenza aliyemchukia kweli ni ziwa. Dagaa huvuliwa gizani, hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikitoka hawaji, na wavuvi hurudi nyumbani. Basi Odeta aliugawa mwezi kama wake wawili wanavyogawana zamu: mwezi mkubwa ni wangu, giza ni la yule. Luhaga akirudi, kwanza ananuswa shati.

"Unanuka yeye," Odeta anasema.

"Ni dagaa, mama Luhende."

"Najua ni nani. Liache hilo ziwa. Nunua bodaboda."

Na kila giza likikaribia, maneno yalikuwa hayohayo, liache ziwa, liache ziwa, mpaka hata kasuku angekuwepo angeyashika.

Odeta mwenyewe anauza sidiria za mitumba sokoni Mkuyuni. Ukipita ng'ambo ya barabara umejifunika khanga mbili, yeye ameshajua namba yako. Ndiye aliyelijua mapema lile jiwe dogo kwenye titi lake la kulia, na bado saratani ilikuwa imemtangulia. Titi likakatwa. Akawekewa madripu, nywele zikaondoka, zikarudi laini kama za kifaranga. Upande uliokuwa mtupu akaujaza mchele alioushonea kwenye kitambaa, akarudi mezani kwake kuuza. Kitambaa kilikuwa na tundu. Siku hiyo alipanda kutoka sokoni mpaka nyumbani kwetu huku juu kwenye mawe, na nyuma yake kuku wa Mkuyuni nzima, majogoo mbele, wamepanga mstari kama wako kwenye maandamano ya Ekaristi. Tangu hapo anatumia pamba.

Tukadhani yamekwisha. Mwaka huu akaenda kupimwa, na daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akamkalisha.

"Hili la kushoto ni zima," akamwambia. "Lakini nimeusikia ukoo wenu. Tukiliondoa sasa, hatari inapungua sana, ingawa haiishi yote. Ukilibakiza, utakuwa unakuja tunalipima mara kwa mara. Zote mbili ni njia. Sikusukumi. Kaongee na wa nyumbani kwako, urudi mwezi ujao uniambie."

Ukoo wetu alioutaja ni huu: mwanangu Rebeka, mdogo wa Modesta mama yake Odeta, alikwenda kwa titi. Dada yake Odeta naye alikwenda kwa titi, ana mtoto mgongoni. Hapo sina hadithi ya kuongeza chumvi. Chumvi ilikwisha kwenye mazishi yao.

Luhaga alikuwa kisiwani wanakovulia, giza la mwezi limeshaingia. Odeta akashika simu, akaiweka. Akaishika tena, akaiweka. Walikuwa wameagana vibaya, kwa ajili ya ziwa lilelile. Akamwomba mama yake amuulizie.

Modesta ni mwanangu, lakini sijui adabu aliirithi kwa nani. Mama mkwe na mkwewe kwetu hawatazamani usoni, sembuse kutajiana titi. Ningekuwepo mimi ningelisema titi kwa jina lake, mara tatu, na salamu juu. Lakini nilikuwa Igoma msibani. Modesta akatafuta neno la heshima, akakumbuka lile alilokuwa akilitumia sista wa zahanati alipowafundisha kina mama kunyonyesha. Sista alisema ziwa. Ziwa la kulia, ziwa la kushoto. Basi akapiga, akaweka spika ili binti yake asikie, na upepo wa kisiwani ukawa unavuma ndani ya simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwenzio ana neno, ameshindwa kukwambia mwenyewe. Ni hili ziwa. Hofu imemzidi, halali. Anauliza, tuachane nalo?"

Luhaga akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mama, na wewe umeingia humo? Mwambie ziwa siliachi. Bila hilo ziwa ningemwoa kwa nini? Limetulisha, limelea watoto. Kuliko kuliacha, heri nife nalo."

Modesta akasema, "Nimekusikia, baba," akakata. Akamgeukia binti yake. "Umesikia mwenyewe. Amekataa."

Nilirudi kutoka Igoma nikamkuta Odeta amekaa kitandani, kioo cha mkononi amekielekeza kifuani.

"Bibi," akasema, "mke mwenza nimempata."

"Yuko wapi? Nipe sekunde nivue vitenge, nikamng'oe nywele."

"Huyu." Akalionyesha titi lake la kushoto kwa kidole, kama mtu anayeonyesha mwizi. "Luhaga amesema bila hili asingenioa. Amesema heri afe nalo. Miaka yote nanusa mashati, kumbe anayempenda nimembeba mimi mwenyewe. Mimi ni mchukuzi wake tu."

Niliwahi kuona wivu. Nimeishi uke wenza, najua mwanamke anayeweza kuhesabu nyama kwenye sufuria ya mwenzake kwa kusikiliza inavyochemka. Lakini sijaona mtu kulionea wivu titi lake mwenyewe. Alilinyima sabuni ya kunukia, akawa analiogesha kwa sabuni ya kufulia. Mezani kwake zilikuja sidiria za lesi, yeye akalivalisha ile mbovu kuliko zote, iliyokatika kamba. Akipaka mafuta anapaka mikono, anapaka shingo, hapo anaparuka. Na kila baada ya muda analitazama kwa pembe ya jicho, kuona kama limejisikia vibaya.

"Basi utamjibu nini daktari?" nikamuuliza.

"Nitamjibu libaki. Mwenyewe amelitaka. Nikifa wamzike yeye, mimi waniweke pembeni."

"Na wewe ulitaka nini, kabla ya simu?"

Odeta akafunga kamba iliyokatika kwa fundo.

Usiku sikulala. Nilimwona Rebeka, nikamwona na yule mwenye mtoto mgongoni. Nikaanza kuusubiri mwezi ujae kama mwanamwali anavyomsubiri mchumba, maana nilikuwa na neno na mume wangu.

Mwezi ukajaa, Luhaga akaja na ndoo ya dagaa na sato wawili. Odeta akapokea ndoo, hakunusa shati. Hapo nikajua mambo ni mazito. Modesta alikuwa ameinama pembeni anachambua mboga, uso kautazamisha ukutani kama desturi inavyotaka.

"Shikamoo, mke mkubwa," Luhaga akaniamkia.

"Usiniamkie. Umeniaibisha. Mwanaume mzima, mabega hayo, unang'ang'ania titi kama mtoto wa miezi sita?"

"Titi gani, Bibi?"

"Hilo la mkeo, ulilosema utakufa nalo. Daktari anataka kulitoa lisije likamuua kama lilivyomuua Rebeka, wewe unasema limekulisha! Limekulisha wewe?"

Luhaga akanitazama mimi, akamtazama mkewe, akatazama dirishani, ambako maji yalikuwa yanametameta chini ya mawe.

"Mimi nilisema ziwa," akasema polepole. "Mama aliniambia ziwa."

Mboga zikamwanguka Modesta. Akajifunika khanga uso mzima, na kutoka ndani ya khanga ikatoka sauti ndogo: "Nilikuwa na maana ya... titi."

Nilicheka mpaka nikalazwa chini. Mbuzi wa jirani waliacha kula. Wanasema hata mawe ya Mwanza, yale yaliyobebana tangu dunia kuumbwa, moja lilisogea kidogo siku ile. Lakini Odeta hakucheka.

"Kwa hiyo heri ufe nalo," akasema, "ulikuwa unasema lile la maji?"

"Ndiyo, mama Luhende. Lile la maji. Wallahi sikujua kama..."

"Kumbe lile ndilo unalolipenda hivyo."

Mnaona? Wivu uliotoka kifuani ukarudi majini bila hata kupumzika njiani.

Luhaga akakaa chini sakafuni, miguuni kwa mkewe. "Hili lako siwezi kulisemea. Sijui kuna njia gani nzuri. Najua tu nikija mbalamwezi, nataka kukukuta."

"Nilitaka kulitoa," Odeta akasema. "Nilishataka kabla ya simu. Sikuwa naomba ruhusa. Nilitaka kujua kama utanitazama, kifua kikiwa kitupu."

"Nakutazama."

"Sasa unanitazama, mwezi uko nje. Lakini daktari akinipasua itakuwa giza. Sitaweza kuinua mkono, sitaweza kujivalisha. Na wewe utakuwa kwa yule." Akavuta pumzi. "Mimi natoa langu. Wewe utoe lako. Giza moja."

Msiomjua mvuvi hamwezi kujua Luhaga aliombwa nini. Giza ndilo shamba lake.

"Giza zima?"

"Zima. Ni zamu yangu."

Akatoa simu mfukoni, akampigia Yeremia, mwenye mtumbwi, hapohapo mbele yetu. "Giza lijalo tafuta mtu," akamwambia. "Mke wangu anatoa ziwa." Akamtupia jicho Modesta, akajisahihisha kwa nguvu mpaka jirani wakasikia: "Titi! Anatoa titi!" Modesta akarudi ndani ya khanga.

Odeta akampelekea daktari jibu lake, akapasuliwa, akarudi nyumbani amefungwa bandeji kama mtoto mchanga. Luhaga alimsugulia mgongo, alimfungia vitenge, alipika ugali wenye mabuja ya unga mbichi ambayo ningeweza kuyatumia kujengea msingi. Giza lilikuwa limeshaingia. Jioni moja wenzake wakawasha taa kule majini, nyingi, zimetandaa mpaka ungedhani kuna mji mwingine unaelea. Luhaga alikuwa anaosha vyombo karibu na dirisha. Sahani moja aliiosha muda mrefu sana.

"Unaangalia nini?" Odeta akauliza kutoka kitandani.

"Ziwa."

"Lipi?"

Akafikiri. "Lililobaki."

Odeta akaanza kucheka, akashika kifua kwa mikono yote miwili. "Usinichekeshe, nyuzi zinauma." Akacheka tena, akalia kidogo, akajifuta. Kisha akaninong'oneza niende nikalivute lile pazia.

Nikaenda, nikalivuta, nikarudi.

"Bibi," akasema, "livute vizuri. Upande ule bado taa moja inaonekana."