Kaburi la Baba Mkubwa

Gesi ilipogunduliwa baharini, sisi wa kando ya ghuba ya Tungue tuliambiwa tutahamishwa sote, wazima kwa wafu. Nyumba ziliandikwa, minazi ikaandikwa, na kila kaburi likapigwa namba kwa rangi nyekundu. Mimi nilikuwa nimesoma mjini Palma, Kireno kinanitoka, nikapewa kazi ya kuwatafsiria wenye fomu, watu wa kampuni ya gesi. Wacha nijione! Nilipovaa ile kofia yao ngumu nilikuwa sishikiki.

Shambani kwetu palikuwa na kaburi moja tu, pale ardhi inapogeuka mawe matupu na miiba, hata mbuzi hapapendi. La baba mkubwa, kaka yake baba. Huyo ndiye aliyekuwa mume wa kwanza wa mama. Wakati wa vita vile vya zamani, kabla sijazaliwa, yeye na baba walikwenda wawili njia ya Pundanhar. Baba akarudi na maiti kaifunga nyuma ya baiskeli, tayari imo kwenye sanda. Alisema imeharibika, asiifunue mtu. Watu wakaswali, na baba mwenyewe akashuka kaburini kuilaza, hakukubali kusaidiwa. Mama akakaa eda. Ilipokwisha, baba akamuoa, nikazaliwa mimi. Kwetu mdogo kumrithi mjane wa kaka yake si jambo la kushangaza.

Sasa siku hiyo baba anawaambia wenye fomu kwamba yale ni mawe tu, aliyarundika mwenyewe akilima. Nilidhani mzee kachanganyikiwa. Nikamsahihisha mbele ya wageni, tena kwa Kireno, halafu nikamgeukia nikamwambia asituaibishe. Mama naye akasema kaburi ni la mumewe wa kwanza, akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi. Baba alisimama akitazama rangi inavyopakwa. 

Jioni alinifuata jikoni. Yeye ambaye hajawahi kuniomba hata maji, akaniomba nilifute lile kaburi kwenye fomu. Nikamwambia mashine zitapita juu ya kaka yake. Akasema zipite tu.

Hapo nikaanza kupiga hesabu: anayekubali mashine zipite juu ya kaka yake, huenda anajua kaka hayumo. Mke wa aliyekufa hukaa eda, ikaisha, akaolewa. Mke wa aliyepotea hana eda, ana kungoja habari. Kama baba mkubwa hamo mle, basi mama hajawahi kuwa mke wa baba hata siku moja, na huyu mama yangu ni mwanamke asiyekosa swala. Na mimi je? Hilo nilikataa kulifikiria. Kulifuta lile kaburi ningeweza, kalamu ninayo mimi. Lakini kiherehere changu nakijua, nilitaka kuona. Mpaka leo najilaumu.

Zikapita siku nane. Baba alikuwa anakaa uani ameelekea lile shamba, chakula kinapoa mbele yake, na mama anamwuliza kama ana homa.

Asubuhi ya kufukua, walizungusha shuka nyeupe. Mwalimu wa msikiti akawa anasoma, wanawake wamekaa mbali, mimi nimo ndani kwa sababu ya kazi. Wachimbaji walifika kwenye mbao zilizooza, wakaziondoa moja moja. Chini yake palikuwa na gogo la mpingo, urefu wa mtu mzima. Vipande vya sanda vilikuwa bado vimeling'ang'ania. Lilikuwa limeelekezwa kibla, na upande wa kichwani udongo umefinyangwa kama mto, vile anavyofanyiwa maiti. Huo mto ulinitisha kuliko gogo lenyewe.

Mwalimu alinyamaza kusoma. Ule ukimya mama aliusikia kule alikokaa, akaja, akaifunua shuka bila kumwomba mtu ruhusa. Akaliona gogo. Kisha akatoka kwenda alikokaa baba, chini, kwenye mawe. Nikamfuata mbio, naogopa atampiga.

Hakumpiga. Alivuta kapulana yake, ile kanga ya mabegani, akajifunika nywele, akaziba na uso, yakabaki macho, kama mwanamke anavyojisitiri mbele ya mwanamume wa kando. Akanigeukia mimi.

"Muulize huyo, mume wangu alimwacha wapi."

Baba alijibu bila kuinua kichwa. "Karibu na Pundanhar. Mguu ulikuwa umevunjika, askari wako nyuma yetu. Nilipoondoka alikuwa bado ananiita."

Mama alisimama hatua tatu kutoka kwake, na masikio yake hayana hitilafu.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo niseme baba amesema. Neno baba halikutoka. Nikajaribu tena, machozi yananitiririka, huku mama ananikazia macho, anangoja.

"Shemeji yako amesema," nikamwambia.