Pijo ya Rehani Mdoe

Pale Chanika, mjini Handeni, majirani wa Rehani Mdoe walizoea kuamshwa na mlio wa boneti. Kila asubuhi, akishaswali na kabla hajatia chai kinywani, mzee huyo alikuwa amesimama mbele ya Pijo yake. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Alitazama maji ya rejeta. Aliubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba kuona umelegea kiasi gani. Alizunguka tairi zote nne akizipapasa kama mnunuzi anavyopapasa mbuzi mnadani. Kisha akashusha boneti, pwaa, na mtaa ukajua kumekucha.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu kiasi kwamba vijana wa mtaani waliliamkia. "Shikamoo, Pijo!" walisema wakipita, na Rehani aliitikia kwa niaba yake, "Marahaba, wanangu. Linasema mkasome."

Alikuwa dereva maisha yake yote. Alianzia Ngombezi, katika shamba la mkonge, akiwa utingo wa lori lililosomba majani kutoka mashambani kwenda kiwandani. Akapanda akawa dereva wa lori, na hatimaye akakabidhiwa gari la meneja, hii hii Pijo, wakati rangi yake ya maziwa ingali inang'aa. Aliliendesha miaka kumi na tisa. Meneja alipofungasha kuondoka, alimwachia. "Wewe ndiye uliyelilea, Rehani," alimwambia. "Mimi nilikuwa abiria tu."

Rehani akarudi nalo kwao Handeni, kwa mkewe Zamda, akaendelea kulilea. Oili aliibadilisha kwa wakati, safari iwepo isiwepo. Maji ya visima vya Handeni yana chumvi, nayo huacha magamba ndani ya rejeta kama yanavyoacha ndani ya sufuria. Basi alikinga maji ya mvua kwenye pipa, akalifunga kwa kufuli. Kiangazi kikikaza, Zamda alinung'unika.

"Gari linakunywa maji matamu, mimi mke wa ndoa nakunywa ya chumvi."

"Wewe una mdomo wa kunung'unikia, Mama Munira. Lenyewe likiumia litamwambia nani?"

Utani huo ulikuwa wa zamani, wa kabla moyo wa Zamda haujaanza kuchoka. Sasa miguu yake ilivimba, na akitembea kutoka jikoni hadi uani ilimbidi asimame katikati, mkono ukutani, avute pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Daktari wa moyo aliyekuwa akimtibu alifika Korogwe mara moja kwa mwezi, Alhamisi ya pili. Ndani ya basi Zamda hakuweza: joto, msongamano, mizigo mapajani, na hakuna wa kusimamisha gari akizidiwa. Katika Pijo alilaza kiti nusu, akafungua dirisha, na Rehani alisimama kila alipoinua kidole. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaishi, Alhamisi moja hadi nyingine. Dawa zilitoka Korogwe, na kwenda Korogwe kulitegemea Pijo na mikono ya mumewe.

Kitu ambacho Zamda hakukijua ni kwamba mumewe alikuwa anapofuka.

Ni presha ya macho, mganga wa macho alimwambia peke yake, siku aliyokwenda kwa kisingizio cha kutafuta plagi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia limebaki na tundu dogo katikati, lenye ukungu, kama mtu anayeitazama dunia kupitia bomba. "Kilichopotea hakirudi," mganga alisema. "Tutajaribu kukiokoa kilichobaki. Na kuendesha gari, mzee wangu, acha." Rehani alishukuru, akachukua dawa za matone, akaenda nje akawasha gari akarudi nyumbani.

Hakuwa mtu mwovu. Alifanya alichoweza. Alipunguza mwendo, akakariri barabara ya Korogwe kama mtoto anavyokariri sura: hapa kona, hapa daraja dogo, hapa ng'ombe wa Wamasai huvuka. Kwa kuwa macho yalikuwa yanamtoka, akazidisha kulitunza gari, kana kwamba likiwa zima kabisa litajua lenyewe njia. Mwanga wa stoo yake ulikuwa hafifu na rangi zilimchanganya, kwa hiyo akaanza kuweka alama za vidole. Alikuwa na chupa mbili za maji za nusu lita, sawasawa kama mapacha: moja ya mafuta ya breki, nyingine ya haidroliki aliyokuwa akiongeza kwenye jeki yake inayovuja. Akachukua uzi wa mkonge, akaufunga shingoni mwa chupa ya breki, mafundo mawili. Tangu siku hiyo aliingia stoo bila wasiwasi. Vidole vilitafuta uzi, vikaupata, na hakuhitaji kutazama.

Jumapili kabla ya kliniki, mara ya kwanza tangu afunge uzi, aliona mafuta ya breki yameshuka kidogo. Akaenda stoo, akapapasa, akaupata uzi, akaongeza hadi juu.

Jumatano jioni alikwenda kujaza upepo na petroli. Kurudi, breki ilikuwa ngumu chini ya mguu, imekaa juu kuliko kawaida. Gari lilisita hata alipoachia, kama punda aliyekataa kwenda. Alipofika uani aliweka kiganja kwenye ringi ya mbele, akakiondoa upesi. Moto.

Hakusema kitu usiku ule. Asubuhi ya Alhamisi, Zamda akiwa ndani anavaa, alifungua kifuniko cha kopo la breki. Hakikutaka kurudi. Ule mpira mwembamba wa ndani ulikuwa umevimba, laini, umejikunja kama sikio lililoloa. Rehani alijua mpira wa breki hauvimbi hivi hivi. Alichovya kidole kwenye kopo, akasugua na gumba, akaenda kwenye ndoo ya maji. Mafuta ya breki huondoka kwa maji. Hilo aliwahi kuwafundisha vijana wengi. Alisuuza. Akasuuza tena. Utelezi ulibaki pale pale kidoleni.

Ni mafuta ya jeki. Siku ile alipofunga uzi ili vidole visikosee, aliyechagua chupa ya kufungwa alikuwa ni yeye, kwa jicho lile lile.

Alikaa kwenye ukingo wa ndoo. Macho angeweza kuyaficha mwezi mwingine, pengine mwaka. Breki haifichiki. Angempakia Zamda, angelaza kiti, na mahali fulani njiani gurudumu lingegoma au breki ingezama hadi chini isikute kitu. Akachukua simu akampigia Twaha, mmoja wa vijana aliowafundisha, sasa fundi mwenye gereji njia ya kwenda stendi.

Twaha alifika na pikipiki, mikono tayari ina weusi wa kazi ya asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Leo umeniita kwa mdomo wako mwenyewe? Tuanue mahindi, mvua inakuja. Miaka yote hii hujaniruhusu hata kugusa nati ya Pijo."

"Tazama kopo la breki."

Twaha akainama, akavuta mafuta kidogo kwa bomba la sindano, akayainua juani. Kicheko kilimbaki mdomoni bila kujua kiende wapi. "Mzee, hii nyekundu. Ni haidroliki hii. Nani kakutilia?"

"Mimi."

"Acha utani. Wewe ulinigombeza mwaka mzima kwa sababu ya kitambaa kichafu tu karibu na breki. Hii hata kipofu angeona ni nyekundu."

Twaha alisubiri jibu, akatazama uso wa mzee, akaanza kufuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, ingawa haikuwa na haja.

Zamda alikuwa amefika mlangoni, kadi ya kliniki mkononi. Alisikia lile neno kipofu na ukimya uliolifuata. Alishuka kizingiti taratibu, akapita nyuma ya gari, akaenda kusimama upande wa kushoto wa mumewe, karibu kabisa. Rehani, aliyemsikia akifika, aliendelea kutazama mlangoni.

"Mama Munira," alisema kuelekea mlangoni, "tutachelewa kidogo. Kaa kwanza, usisimame."

"Niko hapa," Zamda alisema sikioni mwake.

Alishtuka, akageuza kichwa chote, kama mtu aliyepigwa.

"Tangu lini?" Zamda aliuliza.

"Tangu mfungo wa mwaka juzi."

"Na mwezi jana ulinipeleka Korogwe."

"Nilikupeleka."

"Na yule mwenye baiskeli pale Sindeni? Uliyesema amejitupa barabarani? Akaanguka mtaroni na mkungu wake wa ndizi, mimi nikamtukana dirishani, nikamwita mlevi?"

Twaha alijifanya anatafuta spana.

"Hakujitupa," Rehani alisema. "Sikumwona."

Zamda alikaa kwenye ngazi. Hakulia. Alikuwa anahesabu zile Alhamisi, mdomo ukicheza bila sauti, na kila alipofika mahali pumzi ilikatika akaanza upya. "Ungeniambia," alisema mwishowe. "Ningekuwa nakutazamia njia. Ningekwambia kushoto yupo mtu, kulia yupo mtu. Mimi mzima nimekaa pale nimefumba macho, nakuamini."

"Ungekataa kwenda."

"Ningekataa, ndiyo!" Sauti ilimpanda, ikampasukia. "Ningekataa kuua mtu ili mimi nipumue!"

Siku hiyo hawakwenda Korogwe.

Twaha alifungua breki zote. Palipokuwa na mpira, mpira umevimba: kwenye pampu kubwa, kwenye magurudumu, ndani ya mabomba. Vyote vilipaswa kubadilishwa, na vya Pijo ile havikupatikana Handeni wala Korogwe. Binti yao Munira, aliyeolewa Dar es Salaam, alizunguka maduka ya vipuri wiki mbili, akatuma kifurushi kwa basi. Twaha alikifungua mbele ya mzee, akapima, akapima tena.

"Ni vya gari jingine. Vinakaribia, lakini havikai. Nikivilazimisha vitaingia."

"Usivilazimishe."

"Najua, mzee. Ulinifundisha mwenyewe."

Vinavyofaa havikupatikana, basi Twaha alimtafutia Zamda gari la kukodi, likampeleka mwezi mmoja. Mwezi uliofuata lilikuwa limechukuliwa na watu wa harusi, na Zamda akasema atajaribu basi. Alirudi magharibi, ameshikwa mkono na kondakta, kanga imelowa jasho, akalala chali akashindwa, akakaa akiegemea ukuta mpaka asubuhi. Mwezi wa tatu alifika stendi, akalitazama lile basi likijaza, akageuka. Munira alipiga simu akamsihi ahamie Dar, karibu na hospitali kubwa. "Na baba yako nimwachie nani?" Zamda aliuliza. "Hata chai haoni imejaa kikombe." Mwezi wa nne, Alhamisi ya pili ilipofika, hakuvaa. Kadi ilibaki juu ya kabati. Rehani aliisikia nyumba ikiwa kimya saa ile waliyozoea kuondoka, akaelewa, na neno lake lolote la kumsihi lingekuwa neno la yule aliyeharibu.

Ila hakuacha kulitunza gari. Alipima oili kwa kuusikiliza utelezi kati ya vidole. Na kila Alhamisi aliliwasha pale uani, robo saa, maana betri isipochajiwa hufa. Likawaka vizuri, kwa mngurumo mzito wa zamani. Halikuwa na pa kwenda.

Alhamisi moja ya kiangazi mlango wa abiria ulifunguliwa. Zamda aliingia polepole, akalaza kiti nusu kama zamani. Kitandani alikuwa hawezi tena kulala. Akinyooka kifua kilijaa. Hapa alipata mteremko unaomfaa. Miezi yote ile walikuwa wakizungumza ya lazima tu, chumvi, dawa ya matone, nani amebisha hodi. Rehani aliweka mikono kwenye usukani. Akakanyaga mafuta kidogo, injini ikapaza sauti.

"Zima," Zamda alisema.

"Betri haijajaa bado."

"Zima, Baba Munira. Tunakwenda wapi?"

Hakutaka kuzima. Vidole vilipapasa chini ya usukani, taratibu. Akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa mara moja, ikatulia. Ndipo kilipobaki kile ambacho mngurumo ulikuwa ukimfunikia: pumzi za mkewe, fupi, za juu juu, na chini yake mchemko mdogo wa maji kifuani. Rehani alikuwa ametumia miaka hamsini kuusikia ugonjwa wa chombo kabla fundi hajafungua hata nati moja. Alikaa akasikiliza, mkono wake ukapapasa juu ya kiti hadi ukaupata wa Zamda, uliovimba, wa baridi. Hakuhitaji kuambiwa na daktari imebaki njia kiasi gani.