Jina la Mwisho Kwenye Orodha

Ofisini walimwita Shemeji, jina alilobandikwa na mdogo wa mumewe, aliyemtangulia kuajiriwa pale. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiandika programu zinazoiwezesha kompyuta kusoma diski zake.

Wiki tatu mfululizo mashine za wateja ziliganda. Mdogo wa mumewe ndiye aliyeunda chombo cha kufuatilia kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayoendesha mashine: mashine ikiganda, chombo kinaonyesha anwani ya pale ilipokwama kwenye kumbukumbu, pamoja na jina la programu inayokaa hapo. Kila mara jina lilikuwa la programu ya Shemeji.

"Chombo hakina chuki na mtu," alimwambia mbele ya mkuu wa kitengo. "Kubali umechemsha, tuendelee."

"Yangu nimeipitia mara sita. Wewe yako umeipitia mara ngapi?"

"Usiniletee mambo ya nyumbani."

"Ya nyumbani yapi? Nimekuuliza ya kazi!"

Mkuu akakata maneno: kosa lisipopatikana kufikia Ijumaa, kazi ya diski anapewa mtu mwingine.

Shemeji alitoka. Akaenda kwenye mashine ya majaribio, akaing'oa programu yake yote, usibaki hata mstari, kisha akaiwasha mashine kupitia mtandao, bila diski. Kabla ya saa sita mchana ikaganda. Chombo kikamtaja yeye.

"Njooni muone," akawaita wote wawili. "Humu simo, na bado nimeua mashine."

Akawafungulia orodha ya majina ambayo chombo kiliitegemea. Ilikuwa ya zamani, na iliishia kwenye programu yake. Anwani yoyote iliyovuka hapo, chombo kiliibandika jina hilo la mwisho. Programu mpya ya mtandao, iliyokuwa ikigandisha mashine, haikuwemo kabisa.

"Kitu kidogo hicho," mdogo wa mumewe akasema, macho kwenye skrini.

"Kidogo? Wiki tatu unanizika nacho!"

Jioni mdogo wa mumewe alituma taarifa kwamba orodha "imeboreshwa". Samahani haikuwemo. Shemeji akaijibu kwa kitengo kizima: haikuboreshwa, ilikuwa na makosa, na tarehe zote alizotajwa kimakosa akaziorodhesha.

Jumapili mama mkwe akapiga simu. "Mwanangu, yule ni mdogo wako. Yaishe."

"Nimekusikia, mama. Aanze yeye."

Mpaka leo hajaanza. Wanapishana kwenye korido kama wapita njia wasiojuana, na mkuu huwatumia ujumbe kila mmoja peke yake.